Kabla ya kuivunja redio ya gari ya babu

Video za namna hii huzunguka sana kwenye simu. Mkono umeshika taa ndogo ya kioo iliyong'olewa kwenye redio ya zamani. Kitunguu saumu kinasogezwa karibu, kitone chekundu ndani ya kioo kinakimbia. Inasogezwa pete ya dhahabu, kitone kinaifuata. Msimulizi anasema hiyo ni zebaki nyekundu, haionekani kwenye kioo cha kujitazamia, na anayeimiliki amepata utajiri.

Uvumi huo umezunguka nchi nyingi. Mwaka 2009 ulifika Saudi Arabia, safari hiyo ukisema zebaki nyekundu imo ndani ya cherehani kuukuu za Singer, na bei ya cherehani hizo ikapanda ghafla. Kitu chenyewe hakikupatikana, kwa sababu zebaki nyekundu yenye sifa hizo haipo. Ni utapeli wenye umri wa miongo kadhaa.

Kwa familia za Geita, Kahama na Shinyanga, hata hivyo, uvumi huu una mvuto wa pekee. Zebaki halisi watu wanaifahamu. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, ndiyo inayokamata chembe za dhahabu kwenye mchanga uliosagwa. Mtu aliyeona kwa macho yake zebaki ikikusanya dhahabu hawezi kulaumiwa akiamini kuwa ipo nyingine, ya bei kubwa zaidi, imejificha kwenye redio ya marehemu babu.

Matokeo yake ni ya hasara. Redio inavunjwa kwa nyundo uani, watoto wakiwa wamezunguka. Hakipatikani kitu. Kinachobaki ni vigae vya kioo, mabati ya kupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na redio ambayo ingeweza kumfundisha mtoto umeme kuliko kurasa nyingi za daftari.

Kile king'aacho ndani ya kioo

Mtoto akiishika taa ya redio ya zamani, atauliza kwanza kuhusu doa linalong'aa kama fedha upande wa ndani wa kioo, mara nyingi juu kabisa. Ndilo wengi wanalodhani ni zebaki.

Doa hilo ni utando mwembamba wa metali, kwa kawaida bariamu. Kiwandani, baada ya hewa kufyonzwa na kioo kuzibwa, kipande kidogo cha metali hiyo kilipashwa moto hadi kikageuka mvuke na kuganda ukutani mwa kioo. Kazi yake ni kunasa mabaki ya hewa yaliyosalia, ili ndani pabaki utupu.

Doa hilo pia ni kipimo ambacho hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukisoma. Likiwa la rangi ya fedha au jeusi linalong'aa, utupu bado upo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na taa hiyo imekufa.

Zilikuwapo taa chache za mitambo zilizojazwa mvuke wa zebaki ya kawaida, lakini hazikuwa sehemu ya kawaida ya redio ya gari. Hata hizo hazina soko la mamilioni. Zina sumu tu. Ushauri kwa mzazi ni mmoja: taa ya kioo isivunjwe, na anayetaka "malipo ya kupima" kabla ya kuinunua ni tapeli.

Redio za zama zipi?

Taa hizi huitwa vali. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza mwaka 1904, na Mmarekani Lee de Forest akaongeza kiungo cha tatu mwaka 1906, kile kilichoiwezesha kukuza sauti. Mwaka 1930 kampuni ya ndugu wawili wa Galvin, Marekani, ilianza kuuza redio ya gari yenye jina Motorola, jina ambalo baadaye lilikuja kuandikwa kwenye simu za mkononi. Mwaka 1932 Blaupunkt ya Ujerumani ilitoa ya kwake.

Hiyo ndiyo miaka ambayo ukanda huu wenyewe ulikuwa ukifunguliwa kwa migodi. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza uzalishaji katika miaka ya 1930 na ulifungwa mwaka 1966, miongo kadhaa kabla ya mgodi mkubwa wa sasa. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Land Rover ilianza kutengenezwa mwaka 1948, Peugeot 403 mwaka 1955. Redio kwa kawaida ilinunuliwa pembeni na kufungwa chini ya dashibodi.

Nayo matangazo yalikuwa yanaanza. Sauti ya Dar es Salaam ilikwenda hewani mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikaitwa Radio Tanzania.

Enzi ya vali kwenye magari haikudumu. Transista, kipande kidogo kisichohitaji joto wala volti nyingi, ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Mwaka 1955 Philco ilitangaza redio ya gari ya transista tupu kwa ajili ya magari ya Chrysler, na miaka michache baadaye vali zikaachwa. Redio ya gari yenye vali inayookotwa stoo leo, basi, ina umri wa miaka 60 au zaidi.

Mtoto mlangoni mwa zizi

Namna vali inavyofanya kazi inaelezeka kwa jambo ambalo watoto wa Usukumani wanalijua vizuri: zizi la ng'ombe.

Ndani ya kioo kuna waya mwembamba unaowaka kwa rangi ya chungwa. Joto lake linaifanya metali iliyo karibu nayo itoe elektroni, vipande vidogo mno vya umeme. Hao ni ng'ombe waliofunguliwa asubuhi. Pembeni kuna bamba la chuma lenye volti nyingi za chanya, linalozivuta elektroni hizo. Hayo ni malisho na maji, yanayowavuta ng'ombe watoke. Kwa kuwa ndani hakuna hewa, njia ni nyeupe.

Katikati kuna wavu wa waya. Huyo ndiye mtoto aliyesimama mlangoni na fimbo. Hana nguvu za kumsukuma hata ng'ombe mmoja, lakini akiinua fimbo kidogo kundi linapungua mwendo, akiishusha linamiminika. Sauti dhaifu iliyonaswa na eriali hupelekwa kwenye wavu huo. Kila inapotikisika kidogo, mkondo mkubwa unaokwenda kwenye bamba nao unatikisika vilevile, kwa nguvu zaidi. Hivyo ndivyo sauti inavyokuzwa.

Redio yenye vali sita huzigawia kazi. Ya kwanza hukuza mawimbi kutoka kwenye eriali. Ya pili huyachanganya na mawimbi yanayotengenezwa na redio yenyewe ili stesheni yoyote iliyochaguliwa igeuzwe kuwa ya masafa mamoja yasiyobadilika, ambayo ni rahisi kuyashughulikia. Ya tatu huyakuza hayo. Ya nne hutenganisha sauti ya mtangazaji na wimbi lililoibeba. Ya tano huipa sauti nguvu ya kusukuma spika. Ya sita inahusika na umeme wa kuziendesha zote.

Muhtasari wa Fizikia wa kidato cha nne uliotumika kwa miaka mingi nchini ulikuwa na mada ya metali kutoa elektroni kwa joto. Wanafunzi wengi waliikariri bila kuona kifaa chenyewe. Aliye na redio ya vali nyumbani anaweza kuliona somo likiwaka.

Mvumo kabla ya muziki

Hapa ndipo redio ya gari inapotofautiana na redio ya vali ya sebuleni. Vali zinahitaji volti kama 200 hadi 250 kwenye bamba, na betri ya gari wakati huo ilikuwa na 6 au 12 tu. Transfoma ingeweza kuzipandisha, lakini transfoma haifanyi kazi kwa umeme wa betri unaokwenda moja kwa moja bila kugeuka.

Wahandisi walitatua hilo kwa kifaa kilichoitwa vaibreta: kopo dogo la bati linalochomekwa kama vali. Ndani yake kuna ulimi wa chuma unaocheza huku na huku zaidi ya mara mia moja kwa sekunde, ukikata na kuunga umeme wa betri, kama kengele ya umeme ya mlangoni. Umeme uliokatwakatwa ndio transfoma inaoweza kuupandisha. Kisha vali ya sita huunyoosha tena.

Ndiyo maana mzee aliyewahi kupanda gari lenye redio ya vali hukumbuka mvumo kama wa nyuki, kisha kungoja karibu nusu dakika vali zipate moto, ndipo sauti ije. Ndiyo maana pia kusikiliza redio injini ikiwa imezimwa kulimaliza betri.

Na ndiyo maana mzazi lazima awe makini. Betri ya gari inamzoesha mtu kuona volti 12 hazidhuru. Lakini ndani ya boksi hili, volti 12 zimegeuzwa kuwa zaidi ya 200, na volti 200 zinaua. Kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hata baada ya swichi kuzimwa na waya wa betri kutolewa. Fundi huimaliza chaji hiyo kupitia rezista, kisha hupima kwa mita kuhakikisha imekwisha kabla ya kugusa.

Kazi ya mtoto, kazi ya mtu mzima

Kosa linaloua redio nyingi ni moja: kuiokota na kuiunga kwenye betri "tuone kama inaita". Mpangilio ufuatao unailinda redio pamoja na watoto.

Hatua ya kwanza ni ya mtoto. Redio ikiwa haijaungwa popote, apige picha za kila upande kwa simu, kisha asome kibandiko au maandishi ya bati na kuyaandika: jina, namba ya modeli, volti, upande wa ardhi. Asafishe vumbi kwa brashi laini, nje ya nyumba, akiwa amefunga pua na mdomo. Achore mahali ilipo kila vali kabla haijatolewa. Mende na kutu ni wapangaji wa kawaida humo, na karatasi ya spika huenda imetoboka. Kwa kazi hizi hahitaji ufundi. Anahitaji macho na subira. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, kwa kuwa maungo ya zamani yalilehemewa kwa risasi.

Hatua ya pili ni kusoma volti vizuri. Redio ya volti 6 ikiungwa kwenye betri ya leo ya volti 12, nyuzi za vali zinaungua upesi, na vali haitengenezeki. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950, Land Rover likiwamo, yaliunga upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Baadhi ya redio hazijali hilo, nyingine huharibika.

Hatua ya tatu ni ya mita, ikiwezekana fundi na mtoto wakiwa pamoja, umeme bado ukiwa haujaungwa. Uzi wa kila vali hupimwa kama haujakatika. Vali nyingi zitakutwa nzima, kwa sababu kinachozeeka zaidi kwenye redio hizi ni vitu vingine. Katika redio za Kimarekani huenda kukawa na vali iitwayo 0Z4. Hiyo haina uzi wa kuwaka kabisa, kwa hiyo isitupwe kwa kudhaniwa imekufa.

Hatua ya nne ni ya fundi peke yake. Kapasita za karatasi iliyopakwa nta hunyonya unyevu na kuvujisha umeme. Zile kubwa za kuchuja umeme hukauka. Hubadilishwa zote kwa mpya za plastiki na elektroliti zenye volti sawa au zaidi. Ya kwanza kubadilishwa ni ile inayolinda vaibreta, iliyo upande wa volti nyingi wa transfoma. Mara nyingi huwa ya volti 1,600, na kuweka ya volti 400 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani ni kuiua redio upya. Kapasita hiyo ikivuja, vaibreta hushikana, na transfoma inaweza kuungua. Transfoma ya namna hiyo haipatikani kwa urahisi Kahama wala Mwanza.

Vaibreta yenyewe ikiwa na kutu kwenye ncha, fundi anaweza kuifungua na kuzisugua taratibu, au kutengeneza mbadala wa transista unaofanya kazi hiyo bila kitu kinachocheza. Wapenda asili hulificha saketi hilo ndani ya kopo lile lile.

Hatua ya tano ni kuwasha. Waya wa betri upitie fyuzi, na mara ya kwanza upitie pia balbu ya taa ya mbele ya gari. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti: zima. Ikififia na mvumo ukasikika, vali zikaanza kupata rangi, redio inaelekea kupona. Watoto watazame kutoka mbali kidogo, mikono mgongoni, mfuniko ukiwa umerudishwa mara fundi anapomaliza.

Yakisikika makelele tu

Familia nyingine hufika hapo na kusikia makelele matupu. Wanadhani kazi imeharibika. Huenda redio ni nzima.

Redio nyingi za gari za zama hizo zilipokea masafa ya kati, baadhi na masafa mafupi. Stesheni zinazosikilizwa leo Kanda ya Ziwa zaidi ziko kwenye FM, ambayo redio hizo haziisomi. Mchana, masafa ya kati yanaweza kuwa kimya kabisa.

Jaribio la haki ni la usiku. Jua likizama, tabaka la juu la anga hurudisha chini mawimbi ya masafa ya kati ambayo mchana yalimezwa, na stesheni za mbali sana huanza kusikika. Redio iwekwe mbali na chaja za simu na taa za LED, kwa sababu hizo hutoa kelele, kisha waya wa eriali uinuliwe juu. Mtoto ageuze kitufe polepole. Kusikia lugha asiyoijua ikipanda na kushuka kati ya makelele humfundisha kuhusu anga.

Anayetaka kusikiliza FM kupitia spika ile anaweza kumwomba fundi aunge pembejeo ya simu kwenye hatua ya kukuza sauti. Ifanywe kwa namna ambayo itaondolewa bila kukata kitu cha asili, na kwa kutenganishwa vizuri na zile volti nyingi, kwa usalama wa anayeshika simu.

Zebaki ya kuogopa

Uvumi wa zebaki nyekundu unampa mzazi nafasi ya kuzungumza na watoto kuhusu ile ya rangi ya fedha, ambayo katika ukanda huu si hadithi.

Mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ukichomwa, zebaki hupanda kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Huingia kwa pumzi na kudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Kuchomea jikoni au chumbani ni kuweka sumu pale familia inapolala. Hatari hiyo ndiyo mojawapo ya sababu za kuwapo Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake waliathirika kwa samaki wenye zebaki.

Mtoto anayejua kwamba doa kwenye vali ni bariamu, na kwamba ile chupa ya kitu kizito kinachong'aa aliyoiona kwa jirani ndiyo ya kukaa nayo mbali, amejifunza jambo litakalomsaidia hata kama redio haitaita kamwe.

Kwa redio itakayoita, ipo kazi moja ya mwisho, na ni ya mtoto. Aandike kwenye kipande cha karatasi ngumu volti za redio, upande wa ardhi, kapasita zilizobadilishwa, tarehe, na majina ya walioitengeneza. Aibandike upande wa ndani wa mfuniko, mbali na vali zinazopata moto. Miaka 30 ijayo mtu mwingine ataifungua, na atajua pa kuanzia kabla hajaiunga kwenye betri.